Mbwa Aitwaye Nitarudi

Haya alinisimulia rafiki yangu Damiani, mkulima wa Mlali, na Damiani si mtu wa kutia chumvi.

Miaka ile ya Mjerumani nyani walikuwa wakimmalizia mahindi, akapanda mlimani kutafuta mbwa wa kulinda shamba, kwa mjane mmoja, Scholastika, aliyekuwa akimlea mtoto wa mbwa aliyeachwa na mwenyewe. Mwenye mbwa, shemeji yake Agustino, alichukuliwa na askari akabebeshwe mizigo ya vita, na hakuonekana tena.

“Mchukue, baba,” mjane alisema. “Anaitwa Nitarudi. Shemeji alimpa jina hilo asubuhi waliyomchukua. Mimi simwiti, nampigia mluzi tu.”

Damiani hakujua kupiga mluzi. Kila jioni alisimama ukingoni mwa shamba, akapaza sauti kuelekea bondeni: “Nitarudi!” Mwangwi ulimrudishia nusu ya jina: “Rudi… rudi…” Mbwa akaja mbio.

Jioni moja ukungu ulishuka mapema, hata miguu yake mwenyewe hakuiona. Akaita, na safari hii mlima ukanyamaza. Akaita tena. Ndipo akasikia hatua zikipanda polepole kutoka bondeni, hatua za mtu aliyeelemewa, kisha kishindo cha mzigo ukitupwa chini.

“Nimerudi,” ikasema sauti, karibu kabisa.

Damiani alitaka kukimbia, lakini kitu kilikuwa kikimgonga miguuni taratibu. Mbwa alikuwa hapo muda wote, kimya, akitikisa mkia.