Jina Alilolisema Bibi

Asubuhi hiyo uji ulikuwa umeiva na nepi zimeanikwa. Lakini Nyamizi hakuwa na raha. Mtoto wake ana siku tisa, hana jina.

Jina alikuwa nalo bibi, mama yake Masalu, mume wa Nyamizi. Kabla hajafariki, alijirekodi video peke yake kwa simu yake ndogo ya zamani, akimtajia jina mjukuu aliye tumboni. Sasa simu imekufa. Imebaki memori kadi.

Wifi yake, Jenifer, akaichomeka kadi kwenye laptop. Bibi akatokea. Midomo inacheza, sauti hakuna.

"Mayu, mama yangu, amenuna," Masalu akasema kwa huzuni. "Hataki kusema. Natafuta mbuzi, tumwombe radhi."

"Kaka, mbuzi anatengeneza kompyuta?"

Jenifer akaingia mtandaoni kutafuta msaada. Mara likaruka tangazo jekundu: PATA SAUTI SASA! BONYEZA HAPA!

"Bonyeza, wifi!" Nyamizi akahimiza.

"Acha!" Alikuwa Benedikta, jirani yao, mwalimu wa kompyuta. Alisimama mlangoni na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, amekuja kumwona mzazi. "Mwangaluka, wanangu," akawasalimia. "Mimi nilibonyeza moja kama hilo. Kikaingia kirusi. Picha zote za harusi ya binti yangu zikapotea. Mpaka leo naumia."

Akaketi. Kwanza akanakili ile video, isije ikapotea.

"Bibi hajanuna," akasema. "Simu za zamani zinahifadhi sauti kwa namna yake. Programu yenu haiielewi. Tuweke programu nyingine, VLC. Inacheza video na sauti za aina nyingi."

"Bei gani?" Masalu akauliza.

"Bure. Ni programu huria. Walioitengeneza hawakuificha; yeyote anaruhusiwa kuichungulia ndani na kuitumia. Haikuombi hela wala namba ya siri. Ila ichukueni kwa wenyewe tu, tovuti ya VideoLAN. Alama yake ni koni ya rangi ya chungwa, na matapeli wanaiiga. Ukiombwa hela, kimbia!"

Akaiweka, akaifungua video. Bibi akakohoa.

"Toka hapa, kuku wewe! Haya. Akiwa wa kike, aitwe Milembe, jina la mama yangu. Na aliyemzaa ale ashibe."

Nyamizi akamwinamia mtoto. "Milembe," akanong'ona. Mtoto akapiga chafya.

Masalu akafuta machozi, akachukua kofia.

"Unakwenda wapi?" Jenifer akauliza.

"Kutafuta mbuzi."

"Wa nini tena, kaka?"

"Hukusikia? Aliyemzaa ale ashibe."