Karatasi za Samisone

Ndoo ya jioni ilikuwa zamu yangu. Siku zote ilikuwa zamu yangu, maana nyumbani kwetu wanawake tulikuwa wawili tu, mimi na shangazi Rosalina, na mgongo wa shangazi ulianza kuuma kila jua liliposhuka. Asubuhi hauumi.

Vita vilikuwa vimekwisha. Redio ilisema hivyo, na sisi tuliamini nusunusu, kwa kuwa redio hiyohiyo ilishatuambia mengi. Lakini kweli bunduki zilinyamaza kote kandokando ya mto Changane, na wanaume wakaanza kurudi mmojammoja, wamekonda, suruali za msaada zikiwapwaya. Tulikuwa tunamngoja kaka yangu Ananias. Mimi nilikuwa nangoja na mwingine.

Mchumba wangu.

Niseme mapema kwamba sikuwahi kumwona. Aliniposa kwa barua. Msinicheke, kwetu si jambo la ajabu. Bibi yangu aliposwa kwa barua kutoka migodi ya Joni, Afrika Kusini, na siku babu alipofika kumwona mara ya kwanza, tayari bibi alikuwa anampikia mama mkwe wake. Posa yangu ilikuja ndani ya barua ya Ananias. Muda wote wa vita kaka alikuwa akituandikia, na madereva wa misafara ya jeshi walituletea barua zilizokunjwa mpaka zikalingana na kiberiti. Baba hakujua kusoma, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi, na mwandishi wa majibu nilikuwa mimi. Barua ya mwisho ilianza kwa salamu zake za kawaida. Baba hamjambo, mimi sijambo, mvua hakuna, chakula hakuna. Halafu ikaendelea hivi:

"Yupo mwenzangu anaitwa Samisone Muyanga, Mndau, mtu mpole, hana nyumba wala mke. Naomba mumpe Alzira. Atakuja mwenyewe vita vikiisha. Salamu nyingi kwenu wote mnaosoma. Mimi ni mzima, ila nina kiu."

Nilijisomea posa yangu kwa sauti mbele ya watu, uso ukiniwaka moto. Shangazi akapiga vigelegele, akanifinya shavu. "Mndau! Haya, bi harusi, umepata watu wasiojua kusahau." Baba akamwaga pombe ya mng'ongo mahali tunapoongea na mizimu yetu, akawataja marehemu wetu wote, akawaambia tumekubali. Kisha akaniamuru niandike jibu: tumekubali. Mimi hakuna aliyeniuliza, na wakati ule sikuudhika. Vijana wote niliowajua walikuwa vitani au kaburini. Nilifurahi, na silionei haya hilo.

Basi jioni hiyo nilikwenda pampuni peke yangu. Hapakuwa na mtu. Ile pampu ya mkono ilikuwa inalia kwa kutu, kwii... kwaa... kwii... Ndoo ilipofika nusu nikasikia harufu ya tumbaku. Si tumbaku tupu. Tumbaku na karatasi iliyoungua.

"Hodi hapo, dada."

Kijana alikuwa amesimama ng'ambo ya tope, shati la kijeshi mwilini, miguu mitupu. Uso kauinamisha, kama mkwe anavyofanya akifika ukweni.

"Naomba maji," akasema.

Nikampa kata. Akanywa. Nikajaza tena, akanywa. Alikunywa kata baada ya kata bila kupumua, na koo lake halikutoa sauti ya kumeza.

"Kiu gani hiyo, kaka? Umekula chumvi ya mto mzima?"

"Ni ya zamani." Aliongea chini sana, ikabidi nisogee. "Hapa ndipo kwa Mabunda?"

"Ni kwetu."

"Basi wewe ndiye Alzira."

Nikajitia ukali kidogo, maana ndivyo tulivyofundishwa. "Na wewe nani?"

"Samisone." Bado hakuinua uso. "Shemeji amefika."

"Ananias? Hajafika. Tunamngoja."

"Amefika. Nenda kamsalimie. Mwambie maji nimeyapata. Mimi nitasubiri hapa mpaka niitwe."

Mtu ana adabu zake, nikajisemea, haingii ukweni bila kuitwa. Nilipoinama kuchukua ndoo nikaona mchanga pale aliposimama. Umelowa chapachapa. Maji yote niliyompa yalikuwa kati ya nyayo zake, yakitiririka taratibu kuja upande wangu. Nikadhani ameyamwaga. Mtu akitaka kufurahi hudhani mengi.

Nyumbani nilimkuta Ananias.

Kweli alikuwa amefika, kwa njia ya ng'ambo, yupo mkekani na bonge la ugali mkononi, buti kubwa miguuni, baba kamshika bega kama anaogopa atapeperuka. Nikamrukia, nikalia, nikacheka. Alikuwa mifupa mitupu, lakini alikuwa wetu, na nilimpenda kuliko mtu yeyote. Halafu nikamchokoza.

"Wewe huna haya. Mwenzako umemwacha pampuni kama mzigo."

"Mwenzangu yupi?"

"Usijitie hujui. Samisone."

Kaka akaacha kutafuna.

"Nani kakupa jina hilo?"

"Si wewe? Kwenye barua."

"Alzira, sijawahi kuliandika jina hilo. Hata kulitamka sijawahi."

"Ehee, kaka mtu kaanza wivu!" shangazi akacheka. Alicheka peke yake.

Baba akaniagiza barua. Nikaitoa kwenye mkebe, Ananias akaisogeza kwenye kibatari. Kidole chake kikatembea mstari kwa mstari, kikasimama penye chakula hakuna.

"Mpaka hapa ni mimi," akasema. "Kuanzia hapa... si mimi."

"Mwandiko ni wako."

"Ni wangu." Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Lakini si mimi."

Ndipo akatueleza. Ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa. Kikosi chao kilikuta dimbwi porini, na kijana wa upande wa pili amepiga magoti pale, anakunywa. Peke yake. Bunduki ameilaza nyuma yake.

"Angenitazama nisingefyatua," Ananias akasema. "Alikuwa anakunywa. Hakugeuka."

"Ukamfanya nini baadaye?" baba akauliza.

"Nikachukua buti." Sote tukatazama miguu yake. "Na daftari, lilikuwa ndani ya shati. Alikuwa anaandika kila siku, kama mwanafunzi. Sisi tulikuwa na tumbaku, hatukuwa na karatasi ya kusokotea. Tukavuta."

"Mkavuta nini?"

"Daftari lake, baba. Wenzangu waliliogopa, nikabaki navuta peke yangu. Nilikuwa nasoma ukurasa, halafu nausokota. Leo tumetembea bila maji. Leo nimeota nimejenga nyumba, lakini mlangoni hakuna anayenisubiri. Kila siku hivyo. Jina lake lilikuwa kwenye jalada. Kurasa tupu zilizobaki ndizo nilizowaandikia nyinyi."

Na hapo, kutoka mbali, gizani...

Kwii... kwaa... kwii...

"Nani anachota maji saa hizi?" baba akanong'ona.

Shangazi hakuwa na kicheko tena. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mndau ukimuua hujamalizana naye, nani hapa asiyejua hilo? Huinuka akaifuata nyumba ya aliyemuua, na anachodai ni mke. Mkimnyima, nyumba inakufa. Huyu amedai, kaka yangu, na wewe umempa! Umewaambia wazee wetu kaburini kwamba umekubali!"

Ananias akafungua kinywa amjibu.

Ukatoka moshi.

Hakuwa na sigara. Hakuwa amevuta chochote tangu afike. Moshi mzito wa karatasi ulimtoka kinywani na puani, na nyuma ya moshi ikaja sauti, ya chini, ya adabu, kwa Kindau, lugha ambayo kaka yangu hakuijua.

"Naomba maji."

Tangu siku hiyo ikawa kila jua likizama. Kaka anakohoa, moshi unatoka, anaomba maji, na maji hayakai mwilini. Mwezi haukuisha akawa hawezi kusimama. Mganga aliitwa, akasema yaleyale ya shangazi na akaondoka na jogoo wetu. Baba aliahidi mbuzi. Ile sauti ikamjibu kwa upole, "Mbuzi hakai mlangoni kumsubiri mtu, baba mkwe." Basi wakajenga kibanda kidogo, mlango ukitazama pampuni, wakatandika mkeka mpya. Wakaniambia nikalale humo.

Nilikataa. Niliwatukana, baba akiwemo, Mungu anisamehe. Magari ya Maputo yalikuwa yanapita barabarani kila siku na nguo zangu nilishazifunga kwenye kapulana, kanga ya kwetu. Baba akalia, akasema niende nikitaka. Na Ananias, pale mkekani, akanishika kifundo cha mguu kwa vidole visivyo na nguvu.

"Nenda, dada yangu. Deni si lako."

Heri angenisihi nibaki. Ningeweza kumchukia, nikaondoka.

Nilikaa na furushi langu nje mpaka hasira ikapata njia ya kupita. Wote walikuwa wananisemea. Barua ilimwomba baba, baba akaijibu, mizimu ikapokea. Mwenye mwili hajaulizwa mpaka leo. Nikaamua nimjibu Samisone mimi mwenyewe.

Nikaandika: "Samisone, wewe hukuniuliza. Alichokutendea kaka yangu ni kibaya, na nimekulilia, kweli. Lakini mimi sikukupiga risasi, na sitakuwa malipo yako. Mwache Ananias. Rudi kwenu ukapumzike. Alzira."

Barua ya mtu kama yule unaipeleka kwa nani? Njia ilikuwa moja tu. Jua lilipokuwa linazama niliingia kwa kaka, nikaikata tumbaku, nikaisokota ndani ya barua yangu. Nilifunga mlango. Nikafunga dirisha, nikaziba na nyufa kwa matambara, upepo usije ukayapeleka maneno yangu pengine. Nikawasha, nikamtia Ananias mdomoni, nikamshikia. Alivuta neno kwa neno, mpaka jina langu, mpaka moto ukaniunguza vidole. Chumba kilijaa moshi hata sikumwona. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka.

Asubuhi kaka yangu aliomba uji. Akaumaliza, akaomba mwingine, na haukumwagika mchangani. Siku ya tatu alisimama. Shangazi alicheza uwanjani na mgongo wake uleule. "Bi harusi kamfukuza bwana kwa kalamu!" akawa anawaambia majirani. Kibanda kikabaki kitupu, nikaanza kuweka mahindi humo.

Baada ya mavuno jirani yetu mama Selma alikuja na karatasi, nimwandikie mwanawe aliyeko Joni. Akasema, nikaandika. Mvua imenyesha, ng'ombe amezaa, tuma blanketi. Akaniomba nimsomee kabla hajaifunga. Nikasoma salamu, nikasoma mvua, nikasoma ng'ombe. Nikafika kwenye blanketi.

Chini yake palikuwa na mistari mingine. Kwa mwandiko wangu.

"Mke wangu, barua yako nimeipata. Umesema kweli, sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Nitasubiri."

Ndipo nikakumbuka mlango nilioufunga, na matambara, na kwamba moshi ule niliuvuta na mimi.

Mama Selma hakuelewa kwa nini nilichana barua yake. Nilijaribu tena siku nyingine, na nyingine, na kila mara mkono ulikwenda vizuri mpaka mahali fulani, halafu nikasoma nisichokiandika. Nikaacha kalamu kabisa. Wanaume wawili walitoka kwao kuja kunichumbia miaka iliyofuata. Wote walirudia njiani. Mmoja alisema kuna kijana pampuni amemwomba maji, na hakutaka kusema zaidi.

Ananias ana wajukuu sasa. Ananiletea samaki wakavu na hanitazami usoni. Mimi kila jioni napeleka kata ya maji mlangoni kwa kile kibanda, kwa kuwa nisipopeleka pampu inalia usiku kucha na majirani wananung'unika. Asubuhi kata ni tupu na mchanga umelowa. Watu wananiita mke wa Mndau. Wengine wanasema nimezoea, kwamba nimekubali kimyakimya, na hilo ndilo linaloniuma.

Ndiyo maana leo nimeshika kalamu, baada ya miaka yote hii, mchana kweupe, milango wazi. Nilitaka mjue kwa maneno yangu mwenyewe kwamba sijasema ndiyo. Si siku ile, si leo. Nimeandika polepole na kila mstari nimeurudia kuusoma.

Mpaka hapa ni mimi.

Lakini tangu nimuulize, hajasema hapana. Salamu nyingi kwenu wote mnaosoma. Mimi ni mzima, ila nina kiu.