Kinyozi Aliyeshindwa Kuchagua Pedali

Jumamosi ile duka la vyombo vya muziki lilifurika, huyu anagonga ngoma, yule anapuliza tarumbeta. Kinyozi alisimama mbele ya kabati la pedali za gitaa, vidude vya kukanyaga vya kubadilisha sauti, vinywele vya wateja bado vimeng'ang'ania shati lake, akaikodolea macho ile kubwa yenye vitufe chungu nzima.

"Hiyo itakumeza," alisema muuzaji, dada wa gauni la njano, miwani kaipandisha juu ya nywele. "Unajua nyimbo ngapi?"

"Mbili."

"Mbili nzima?"

"Moja na nusu."

Dada alicheka mpaka akashika meza. Kinyozi wa watu akawa kwisha habari yake.

Dada akamgeuza aangalie ukuta. Ndivyo alivyowauzia wanaoanza: usione bei, usione vitufe, sikiliza tu. Akampigia pedali moja baada ya nyingine, na kinyozi akaipenda ya mwangwi. Kumbe ndiyo ya bei ya chini kuliko zote.

"Umepata yako. Nikufungie?"

Hapo ndipo kinyozi alipoharibu. Akinunua, kesho atarudi kwa kisingizio gani?

"Bado sina uhakika," alisema. "Acha nikafikirie."

Akafikiria miezi. Kila Jumamosi aliugeukia ukuta, akasikiliza, akaondoka mikono mitupu. Jioni wakawa wanapigiana simu.

"Mwanafunzi wangu, umekula?"

"Nitakulaje, na moyo umeuacha dukani?"

"Maneno hayo umeshawanyolea wangapi?"

Kinyozi alimpenda hadi akamnyoa mzee mmoja upara bila kuombwa. Ila neno la ndoa alilisubirisha mpaka ajue kupiga wimbo wa pili mzima, asije akaonekana mtu wa nusunusu. Haraka haraka haina baraka, alijiambia. Akasahau kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumatano moja simu ikalia akiwa kazini.

"Kinyozi, umeshachagua?" Sauti ya dada haikuwa na utani.

"Bado, mpenzi. Kwani kuna haraka gani?"

"Haya," dada akasema, akakata. Kinyozi akarudi kwenye kichwa cha mteja wake, anapiga mluzi.

Jumamosi alifika na shati lililonyooshwa, wimbo wa pili mzima uko vidoleni.

"Nimechagua," alisema. "Ile ya mwangwi. Na wewe. Nataka kukuoa."

Dada akavua miwani. "Umechagua lini?"

"Siku ile ya kwanza."

"Ya kwanza!" Machozi yakamtoka. "Mimi nikasema, mtu anayeshindwa kuchagua kidude cha kukanyaga, mke atamchagua lini? Kuna mtu alikwenda kwa mama kunitaka. Jumatano nilikuwa natafuta sababu ya kumkataa."

"Mkatae leo."

"Nimeshakubali. Tena hajanikosea kitu. Alisema anachotaka, basi."

Wateja walikuwa wamejipanga nyuma ya kinyozi. Dada akajifuta macho, akaitoa ile pedali kabatini na kuitia kwenye boksi.

"Gitaa linaingia kulia, spika kushoto," alieleza, macho kwenye boksi. "Ukimaliza kupiga, chomoa waya, la sivyo betri itaisha."

"Ndiyo, dada," akajibu kinyozi, ambaye hajawahi kumwita dada hata siku moja. Akalipa, akampisha mteja aliyefuata.