Mtoto wa Kitanda-Pango

Ndani ya kitanda-pango, moyo wa Dakta Nakijwa Mbwambo ulipiga mara tisa kwa dakika. Ngozi yake ilikuwa baridi. Kwa miezi saba hakula, hakunywa wala hakwenda haja, na misuli yake haikupungua. Roboti-yaya alimlaza mtoto mchanga kifuani pake, mtoto akanyonya.

Kitanda hicho, cha kumlaza mjamzito usingizi kama wa dubu, alikibuni Nakijwa mwenyewe, jijini Dodoma, baada ya miaka kumi na moja ya kupima damu ya dubu. Dubu jike hulala majira yote ya baridi. Taka za mwili wake hazimdhuru, bali hugeuzwa kuwa protini ya kulinda misuli, na mifupa yake hubaki imara. Hujifungua humo humo pangoni, akanyonyesha. Nakijwa, aliyeharibikiwa na mimba mbili, aliona hapo ndipo pa kuiba ujanja: alazwe akiwa na mimba ya miezi minne, ajifungue usingizini. Mama yake, Bi Nanzia, alimsihi asijigeuze mnyama. Nakijwa alicheka. Msomi akishapata jibu, nani atamwambia kitu?

Siku ya kuamshwa, moyo wake ulipandishwa ndani ya saa moja tu hadi mapigo sabini kwa dakika. Alisimama, akatembea, waandishi wa habari wakapiga makofi. Kisha akapewa binti yake wa miezi miwili.

Mtoto alipiga kelele, akalisukuma titi. Chupa pia aliikataa. Siku ya tatu alikuwa akilishwa kwa mpira wa puani, uzito wake ukishuka.

Muuguzi Tumsifu, aliyewahudumia muda wote huo, ndiye aliyethubutu kusema.

"Samahani, Dakta. Anakuogopa."

"Mimi ni mama yake."

"Wewe una joto, na moyo wako unakimbia. Mama anayemjua yeye ni wa baridi, tena hasemi."

Nakijwa alijua kosa liko wapi, na lilimuuma. Dubu haamki kwa saa moja. Hupata joto polepole, wiki baada ya wiki, na watoto wake humzoea. Sehemu hiyo aliikata yeye mwenyewe, kwa sababu wageni wa uzinduzi wasingesubiri.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema Bi Nanzia, aliyekuja kumwona mjukuu, bila kumtazama bintiye. "Wewe hata uchungu wenyewe ulimwachia dubu."

Nakijwa alirudi kwenye kitanda-pango, akajikanda kifua kwa maji ya barafu mpaka meno yakagongana. Tumsifu akafungulia sauti iliyorekodiwa ya yale mapigo tisa. Nakijwa akafumba macho, akalegeza mikono, akavuta pumzi kidogo kidogo. Walimlaza mtoto juu yake. Mtoto alinusa, akatulia, akanyonya.

Machozi yalimtiririka Nakijwa hadi masikioni na hakuyafuta. Ndiyo mara yake ya kwanza kumnyonyesha mwanawe akiwa na fahamu, na hakuthubutu kufumbua macho amwone.