Mwanga Unaozima Haraka

"Kiwembe, asivuke geti!"

Sauti ya mkuu ilikwaruza kwenye kifaa cha sikioni. Kiwembe, jasusi asiyejua kubembeleza, aliruka ukuta wa maegesho, bastola ya Glock mkononi. Tarishi alikuwa ameshawasha pikipiki yake ya Yamaha.

Kiwembe alimng'oa kitini kama gunia, saa ya chuma ya tarishi ikigonga usukani.

Kwenye koti la tarishi alikuta kichupa cha unga mweusi.

"Masizi tu, afande," tarishi alilia. "Sampuli ya kiwanda cha matairi. Mimi nimekuja kuchukua makopo matupu ya wino wa printa."

Kiwembe alimburuta hadi maabara, yeye na boksi lake la makopo.

Humo, dada yake Kiwembe alikuwa kati ya walinzi wawili. Ndiye mtafiti mkuu, na ndiye pekee mwenye ufunguo wa kabati zilimoibiwa chembe za kaboni, unga mweusi kama huo.

Sikioni, mkuu hakuzunguka mbuyu. "Pima kichupa. Kama si chembe zetu, mfunge dada yako."

"Sawa, mkuu."



"Leza inaupasha unga joto hadi ung'ae," dada alieleza bila kumtazama. "Chembe zetu ni ndogo mno, mwanga wake unazima papo hapo. Masizi ya matairi ni makubwa, yanachelewa kupoa."

Akawagawia miwani ya kukinga macho. "Nawasha."

Unga uling'aa rangi ya chungwa. Mstari kwenye skrini ukashuka polepole.

Masizi.

Tarishi akashusha pumzi. Kiwembe akatoa pingu. Dada akanyoosha mikono bila kuambiwa, na hilo lilimuuma Kiwembe kuliko matusi.

Hapo ndipo alipoona kifundo cha mkono wa tarishi. Kule nje kilikuwa na saa ya chuma. Sasa kilikuwa kitupu.

"Saa yako iko wapi?"

"Mfukoni."

"Nani kakwambia uivue?"

Jamaa akatupia jicho mlango.

Watu wa leza ndio huvua saa kabla ya kuwasha, maana chuma kinaweza kuurudisha mwale jichoni. Walinzi walikuwa bado wamevaa zao. Hata Kiwembe, aliyegombezwa na dada huyu miaka nenda rudi kwa kusahau kuivua, alikuwa na yake.

"Tarishi gani wewe?" dada aliuliza.

Jamaa akachomoa kisu. Ngumi moja ya Kiwembe ikamlaza chini. Kwenye soksi yake walikuta ufunguo wa kabati, wa kuchonga.

"Fungueni boksi!"

Kopo moja kati ya yale matupu lilikuwa zito. Dada alichota kidogo, akawasha tena.

Safari hii mstari ulianguka mara moja.

"Mkuu, mzigo tunao. Na mwizi pia," Kiwembe aliripoti.

"Na dada yako?"

"Yuko kazini kwake."

Dada alimvuta pembeni. "Ungenifunga kweli?"

"Ningekufunga, dada."

"Nilijua. Ndiyo maana nilinyoosha mikono, usipate shida."

Kiwembe alirudisha bastola kiunoni, akamfunga mwizi zile pingu, akatoka naye taratibu.