Kilo Nane za Wanza

Kila asubuhi, kabla jua la Voi halijawa kali, Wanza alikimbia kuzunguka uwanja mara kumi. Kisha aliketi chini, akanyoosha miguu na kujaribu kugusa vidole vya miguu. Wapi! Mikono iliishia shubiri nzima kabla ya kufika. Na ranchi moja ya Kishushe, iliyokuwa ikitafuta askari wa wanyamapori, ilitaka vidole viguswe. Wanza alikuwa na miaka ishirini na mitano. Ranchi haikuchukua mtu aliyepita umri huo, kwa hiyo hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Bi Nasima, mwalimu wake wa mazoezi, mzaliwa wa Mombasa, alimtazama akatikisa kichwa. "Mzito weye, mwanangu."

Jamani, neno moja tu! Kwa Wanza, aliyekua akizungumza Kikamba nyumbani, mzito ni mtu wa kilo nyingi. Aliona haya kuuliza. Akaacha ugali. Mama yake alipomwita mezani alijibu, "Nimekula kwa jirani, kina Mwelu," na huo ulikuwa uongo mtupu. Kwa miezi miwili alipungua kilo nane. Kaptura ikawa inamvuka, na shubiri ile haikupungua hata kidogo.

Siku ya usaili, Peris, msichana mnene kuliko wote, aliinama taratibu akashika nyayo zake. Ikafika zamu ya Wanza. Aliinama, macho yakaingia giza, akaanguka ubavu. Afisa akalikata jina lake.

Bi Nasima, aliyekuwa amemsindikiza, alimsaidia kuketi kivulini. "Mbona umekonda hivi? Waumwa?"

"Si ulisema mimi mzito?"

"Ala! Mzito wa viungo! Misuli yako imekakamaa, haikunjuki. Nani kakwambia ujinyime chakula?"

Masikini Wanza, alilia mpaka kwikwi zikamshika.

Alianza upya: ugali, maharagwe, na kunyoosha misuli polepole kila siku. Baada ya miezi mitatu, kilo zote zikiwa zimerudi, aligusa vidole vyake uani kwao, Bi Nasima akimwangalia.

"Umeona?" Bi Nasima alisema. "Misuli hulainishwa na mazoezi, si njaa. Nami nina kosa, sikukueleza vizuri. Lakini neno usilolielewa, uliza palepale. Na mama yako usimdanganye tena."

"Na ile kazi, Bi Nasima?"

Bi Nasima alimfuta vumbi mgongoni.

"Hiyo imekwenda, mwanangu."