Jua la Akra Halijazama

—Alhamdulillah, mpenzi, nimefuturu sasa hivi. Uji wa moto na tende tatu. Nikikukumbuka, uji unazidi utamu.

Jamidah aliisikiliza sauti hiyo kwenye simu akiwa amekaa mkekani nyumbani kwao Kasese, tende yake ya kwanza ingali mdomoni. Ilikuwa saa moja na robo jioni, mwezi wa Ramadhani. Aliyetuma sauti ni Shafik, mchumba wake aliyemvisha pete, ambaye wiki sita zilizopita aliaga kwamba kampuni ya malori inampeleka Akra, Ghana, kusomea usafirishaji. Angerudi Idi. Ijumaa ya pili baada ya Idi wangefunga ndoa. Kadi zilikwisha kugawiwa, hata kwa watu wa Rukoki wasioipenda familia yao.

Kila siku Shafik alimtembeza Akra kwa simu. Picha ya mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe: "Nimeanzia hapa." Picha ya soko la Makola: "Hapa nimepita kwa miguu." Picha ya Tao la Uhuru: "Hapa nimekaa nikakuwaza." Jamidah, fundi cherehani, aliwaonyesha wateja wake wote, hadi wasichana wanaokuja kupunguza sketi za shule wakazijua barabara za Akra kuliko za Kasese.

Lakini leo aliitema kokwa ya tende, akapekua simu.

—Baba, jua linazama saa ngapi Akra?

Baba yake, Afande Magidu, sajenti mstaafu, alishusha kikombe.

—Mimi nilikuwa jeshini, sikuwa juani. Kwa nini?

—Sisi hapa tumefuturu sasa hivi. Yeye naye amefuturu sasa hivi. Huko saa hii ni saa kumi na robo, jua bado liko juu. Hawafuturu mpaka saa tatu na dakika kumi na mbili za kwetu. Nimeangalia kwenye simu.

Ndugu msomaji, tusimame dakika moja kwa heshima tuiombolezee akili ya Shafik. Alikumbuka picha, alikumbuka majina ya barabara, alikumbuka hata kusema kwamba bahari ina chumvi. Akasahau jambo ambalo tumbo la mtu aliyefunga halisahau: kila mji unafuturu na jua lake.

—Rudia hiyo sauti, —Afande aliamuru. Akaweka simu sikioni. Nyuma ya maneno ya Shafik mwadhini alikuwa anamalizia adhana, na kabla ya kumaliza, akakohoa mara mbili.

Afande akafumba macho.

—Hicho kikohozi nakijua. Nimelinda mpakani miaka minne, na miaka minne nimefuturu nacho. Mwadhini huyo ni wa Bwera, kule mpakani.

—Bwera? Hapa tu?

—Hapa tu. Niletee ile fimbo yangu.

—Hapana, baba. Ukimpiga, watu watamhurumia. Na mimi nikinyamaza, ataniacha kwa simu akiwa "Akra", watu waseme kasoro iko kwangu. Nataka aanguke mbele ya macho ya watu, tena kwa miguu yake mwenyewe.

Afande alimtazama binti yake kwa fahari ambayo hakuwahi kuionyesha hata kwenye gwaride.

—Hiyo ni operesheni. Ruhusa imetolewa.

Jamidah akaandika: "Futari njema, kipenzi. Kesho nitembeze tena. Nataka nisikie kila hatua."

Jibu likaja mbio: "Saa kumi za huko kwenu. Nitakutembeza mpaka uchoke."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la mpakani. Kufika saa tisa Jamidah alikuwa anapita Bwera meza kwa meza, picha ya Shafik mkononi. Mwanamke wa tatu aliitazama mara moja. Alinyoosha kidole tu kwenye meza ya mawese.

Pale aliuza Mama Jamira, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka mwenye sauti ya kusimamisha lori, pamoja na binti yake wa pili, Shamira.

—Uyu? —Mama Jamira aliipokea picha akicheka. —Uyu iko mukwe wangu! Anaoa mutoto wangu Shamira kisha Idi. Na weye iko nani? Dada yake?

—Mimi ni mke wake mtarajiwa, mama. Hii hapa kadi.

Shamira akainyakua kadi. Akaisoma, midomo ikichezacheza.

—Muongo wewe. Shafik hana mtu Kasese. Alituambia wote walikufa.

—Basi unaongea na maiti.

—Umekuja kuniharibia!

—Dada, kila jioni hasogei pembeni na simu?

—Anaongea na bosi wake.

—Bosi wake ni mimi hapa. Saa kumi atapiga. Usinisikilize mimi, msikilize yeye. Yuko wapi saa hii?

—Ameenda darajani kungoja lori, —Shamira alijibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi moja.

Saa kumi kamili simu ikalia. Jamidah na Shamira walichuchumaa nyuma ya madumu ya mawese. Mama Jamira akaupa mgongo upande wa daraja. Sauti ya simu ikafunguliwa yote.

—Mpenzi! Uko tayari? Naondoka kwenye mnara wa taa.

—Niko tayari. Nishike mkono.

Huko juu, kwenye barabara itokayo darajani, Shafik alitokea. Simu sikioni, mkono mmoja unapunga hewani kama mwongoza watalii wa mbugani Mweya. Shamira alimwona kupitia upenyo wa madumu, akashika bega la Jamidah.

—Sasa kushoto kwangu ni bahari, —alisema Shafik.

Kushoto kwake kulikuwa na mbuzi watatu wamefungwa kwenye mti wa umeme.

—Ina mawimbi?

—Makubwa!

Mbuzi mmoja akalia.

—Nini hiyo, kipenzi?

—Ndege wa baharini. Huku wako wengi. Haya, sasa naingia Makola. Watu ni wengi mno!

—Wanauza nini?

—Vitu vingi. Naona mawese. Kuna mama mmoja anauza, umbo kama pipa, mdomo kama honi ya lori. Nikipita hapa huwa naziba masikio.

Mama Jamira hakugeuka. Aliweka tu chini, polepole sana, kikombe cha kupimia mawese.

—Hana binti? —Jamidah aliuliza.

—Binti gani? Huku ni wazee watupu. Kwangu mimi binti ni wewe peke yako.

Shamira alisimama. Kisha Jamidah akasimama. Shafik alikuwa hatua tatu mbele yao.

—Tulia hapo hapo, Shafik, —Jamidah alisema. Umefika Tao la Uhuru.

Na hapa, wapendwa, Shafik aliandika historia. Akiwatazama wote wawili usoni, alisema kwenye simu:

—Halo? Halo? Mtandao wa Ghana unakatika.

Soko lote lililipuka kwa kicheko. Shafik akageuka akimbie. Vijana wa bodaboda walikwisha kuziba njia.

—Apana kukimbia! —Mama Jamira alinguruma. —Banasema weye unajua kutembeza batu. Tutembeze! Toka hapa mupaka muskiti. Kila kitu taja jina yake ya kule Akra. Ukiruka kimoja, tunarudi mwanzo.

Akatembea. Watu kama mia nyuma yake. Kwenye mashine ya kusaga mahindi akasema, kichwa chini:

—Hii ni ngome ya Osu.

—Sauti!

—Ngome ya Osu!

Kwenye choo cha soko walimngoja kwa utulivu mkubwa.

—Tao la Uhuru, —alinong'ona.

—Hata mimi nimewahi kulia nikifika hapo! —mtu akapiga kelele.

Walirudi mwanzo mara mbili. Jua lilikuwa linatua walipomfikisha barazani kwa Mama Jamira, mlango wa pili kutoka msikitini, ambapo majirani hufuturu pamoja. Afande Magidu alikuwa amefika kumchukua binti yake. Hakuwa na fimbo. Alikuwa na saa ya mkononi.

Mwadhini akaadhini, akakohoa mara mbili. Mama Jamira akampa Shafik tende moja na glasi ya maji.

—Iyi ni ya Mungu, siwezi kukunyima. Lakini pilau ni ya batu ba Bwera. Weye iko Akra. Jua yenu bado.

Jamidah akamwekea mbele yake sahani iliyofunikwa kawa. Baada ya swala watu wakala. Jamidah na Shamira walikula sinia moja. Harufu ya iliki ilizunguka baraza lote, kisha ikaja kukaa puani pa Shafik.

—Shamira, —alijaribu.

—Niite bosi.

—Jamidah, nilikuwa nataka kukwambia.

—Ungeniambiaje?

Akapeleka mkono kwenye kawa.

—Jibu swali! —Afande alisema.

—Kwamba kampuni imeniongezea miaka miwili. Kwamba usiningojee.

—Ili watu waseme ni mimi nilishindwa kungoja?

—Ndiyo.

Shamira aliusukuma mkono wake kando ya sinia, akaushika wa Jamidah.

—Wote niliowapa kadi wako kwenye kundi la harusi, —Jamidah alisema. —Waambie wewe, kwa sauti yako. Neno kwa neno.

—Kesho, tafadhali. Niko na njaa.

—Simama wima! —Afande aliamuru, na Shafik akajikuta amesimama. —Rekodi!

—Mimi Shafik, niko Bwera. Sijawahi kufika Ghana. Nilimdanganya Jamidah, na nikamdanganya Shamira. Jamidah hana kosa lolote.

Wakati huohuo mwadhini wa isha alianza, na kikohozi chake kikaingia ndani ya sauti ile mara mbili, kama muhuri. Jamidah akatuma mwenyewe.

Shafik aliketi tena akiitazama kawa. Saa mbili na nusu. Saa tatu kasorobo. Afande alimtangazia kila robo saa. Saa tatu na dakika kumi na mbili, simu ya Jamidah ililia kengele aliyoitega tangu asubuhi. Akainuka, akatengeneza mtandio wake, akasimama mbele ya yule mwanamume aliyemtembeza wiki sita bila kumfikisha popote.

—Sasa jua limezama Akra. Futari njema, kipenzi.

Shafik aliifunua kawa kwa mikono miwili. Ndani ya sahani kulikuwa na kokwa tatu za tende, zimelambwa hadi kung'aa, na juu yake pete ya uchumba aliyomvisha Jamidah.

—Twende nyumbani, baba, —alisema Jamidah. —Nimeshiba.